Mwongozo kamili wa kusakinisha na kusimamia seva ya mahusiano na wateja katika ofisi ya Nairobi

Kampuni nyingi za Nairobi huhifadhi taarifa za wateja wao mahali patatu kwa wakati mmoja: katika simu za wauzaji, katika faili la Excel lililo kwenye kompyuta ya mhasibu, na katika makundi ya WhatsApp. Muuzaji akiacha kazi, huondoka na simu yake pamoja na historia yote ya wateja aliokuwa akiwahudumia, na anayemrithi hulazimika kuwauliza wateja hao maswali ambayo walikwisha kuyajibu. Programu ya kusimamia mahusiano na wateja, ambayo maofisini huitwa CRM, huyakusanya yote hayo mahali pamoja.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuiweka programu hiyo kwenye seva ambayo kampuni yenyewe inaidhibiti, na jinsi ya kuitunza baada ya hapo. Fundi anayeifahamu Linux anaweza kumaliza usakinishaji asubuhi moja. Utunzaji ndio kazi isiyokwisha, nao ndio unaoamua kama wauzaji watakuwa bado wanaitumia mwaka ujao au watakuwa wamerudia daftari zao. Kwa sababu hiyo nimeupa utunzaji nafasi kubwa zaidi. Kwa mfano wetu tuchukue kampuni ya Industrial Area inayouza pampu za maji, yenye watumiaji kama kumi na watano, wengine wakiwa ofisini na wengine wakizunguka Kitengela, Athi River na Kiambu.

Kuchagua programu na mahali pa kuiweka

Katika programu huria zilizokomaa, mbili zinafaa kuangaliwa kwanza: SuiteCRM, iliyoanza mwaka 2013 ikitokana na toleo huria la SugarCRM, na EspoCRM. Zote zimeandikwa kwa PHP na huhifadhi data katika MySQL au MariaDB. SuiteCRM ina vipengele vingi zaidi vya ripoti na kampeni tangu mwanzo. EspoCRM ni nyepesi, hufunguka upesi hata kwenye simu yenye mtandao hafifu, na mtu asiye mwandishi wa programu anaweza kuongeza sehemu mpya za kujaza bila kuandika msimbo. Kwa ofisi ya ukubwa tuliouchukua, ningechagua EspoCRM, na hatua zinazofuata zinaihusu hiyo.

Seva yenyewe inaweza kuwa kompyuta iliyo ofisini au mashine ya kukodi. Kuiweka ofisini kunavutia kwa sababu hakuna malipo ya kila mwezi, lakini kunadai UPS, yaani betri ya akiba, inayotosha kuizima mashine kwa utaratibu umeme unapopotea, na anwani ya IP ya kudumu. Laini nyingi za fiber za bei ya kawaida hazitoi anwani hiyo; wateja wengi hugawana anwani moja ya mtoa huduma, na muuzaji aliye Kitengela hawezi kuifikia seva hata ikiwa inafanya kazi vizuri. Kwa hiyo nashauri mashine ya kukodi yenye vichakataji viwili, RAM ya GB 4 na diski ya SSD ya GB 60 au zaidi. Ikiwa mtoa huduma ana kituo hapa nchini, safari ya data huwa fupi kwa kuwa watoa huduma wa intaneti wa Kenya hubadilishana data humu humu kupitia KIXP, kituo cha kubadilishana data ya intaneti nchini, na maswali ya kisheria kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi hupungua.

Kuandaa seva

Sakinisha Ubuntu Server 24.04 LTS, ambayo inakuja na PHP 8.3 na MariaDB 10.11. Kabla ya kupakua EspoCRM, linganisha matoleo hayo na mahitaji yaliyoandikwa kwenye tovuti yake, kwa sababu kila toleo jipya huweza kupandisha kiwango cha chini. Ingia kwa mtumiaji wa kawaida mwenye haki ya sudo, kisha usasishe mashine na kuweka saa ya Nairobi:

sudo apt update && sudo apt upgrade
sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi

Saa si jambo dogo. Kazi iliyopangwa kufanyika 02:00 inapaswa kufanyika saa nane usiku, wakati ofisi imelala. Seva iliyoachwa kwenye saa ya UTC itaifanya saa kumi na moja alfajiri, wauzaji wa mapema wakiwa wanaanza kuingia.

Washa ukuta wa moto kwa mpangilio huu, bila kuubadilisha, kwa kuwa ukiuwasha kabla ya kuruhusu SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, unaweza kujifungia nje:

sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw enable

Sakinisha seva ya wavuti, hifadhidata na viongezo vya PHP, kisha uruhusu njia za wavuti:

sudo apt install apache2 mariadb-server unzip php libapache2-mod-php php-mysql php-gd php-zip php-mbstring php-curl php-xml php-bcmath
sudo ufw allow 'Apache Full'

PHP huja na mipaka midogo ambayo itakataa katalogi ya pampu yenye picha nyingi. Tengeneza faili /etc/php/8.3/apache2/conf.d/99-mahusiano.ini na uandike ndani yake:

memory_limit = 256M
max_execution_time = 180
max_input_time = 180
post_max_size = 50M
upload_max_filesize = 50M

Hifadhidata na faili za programu

Fungua MariaDB kwa amri ya sudo mariadb, kisha uunde hifadhidata na mtumiaji asiye na mamlaka nje ya hifadhidata hiyo:

CREATE DATABASE mahusiano CHARACTER SET utf8mb4 COLLATE utf8mb4_unicode_ci;
CREATE USER 'espo'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nenosiri-refu-hapa';
GRANT ALL PRIVILEGES ON mahusiano.* TO 'espo'@'localhost';

Pakua faili la zip la EspoCRM kutoka tovuti yake rasmi, ulifungue, uhamishie folda yake kwenye /var/www/mahusiano, na uipe seva ya wavuti umiliki wake:

sudo chown -R www-data:www-data /var/www/mahusiano

Sasa ieleze Apache mahali pa kutazama. Katika faili /etc/apache2/sites-available/mahusiano.conf andika:

<VirtualHost *:80>
ServerName wateja.kampuniyako.co.ke
DocumentRoot /var/www/mahusiano/public/
Alias /client/ /var/www/mahusiano/client/
<Directory /var/www/mahusiano/public/>
AllowOverride All
</Directory>
</VirtualHost>

Mistari miwili katika faili hilo ndiyo huwasumbua wengi. DocumentRoot lazima ielekee folda ya public, kwa sababu ukielekeza juu yake unaziweka faili za mipangilio, pamoja na nenosiri la hifadhidata, karibu mno na mtu wa nje. AllowOverride All nayo huiruhusu programu kutumia kanuni zake za anwani. Ikikosekana, ukurasa wa kuanzia utafunguka lakini programu italalamika kwamba haiifikii API yake, yaani njia ambayo kurasa zake huombea data kwenye seva.

Elekeza jina la kikoa kwenye anwani ya seva kupitia msajili wako wa .co.ke, kisha uwashe tovuti na uombe cheti cha usalama cha Let's Encrypt, ambacho hutolewa bure na ambacho certbot hukihuisha chenyewe:

sudo a2enmod rewrite
sudo a2ensite mahusiano
sudo systemctl restart apache2
sudo apt install certbot python3-certbot-apache
sudo certbot --apache -d wateja.kampuniyako.co.ke

Usiendelee mpaka anwani ifunguke kwa https, kwa kuwa katika hatua inayofuata utaandika nenosiri la msimamizi.

Fungua anwani hiyo kwenye kivinjari. Mwongozo wa usakinishaji utakagua viongezo vya PHP, utaomba jina la hifadhidata na nenosiri lake, kisha utakuuliza mipangilio ya msingi. Chagua Africa/Nairobi kama ukanda wa saa, KES kama sarafu, na mpangilio wa tarehe unaoanza na siku. Sarafu ichague kwa uangalifu tangu sasa: fursa za mauzo zikishaingizwa kwa dola kwa makosa, kila jumla kwenye ripoti itakuwa ya uongo.

Kuna hatua moja ambayo husahaulika mara nyingi. Bila kazi ya kila dakika, programu haitatuma vikumbusho wala kuvuta barua pepe, na watumiaji watadhani imeharibika. Fungua ratiba ya mtumiaji wa wavuti kwa sudo crontab -u www-data -e na uongeze mstari huu:

* * * * * cd /var/www/mahusiano; /usr/bin/php -f cron.php > /dev/null 2>&1

Ruhusa za watumiaji

Hapa ndipo usimamizi unapoanza. Mpe kila mtu akaunti yake, na usikubali akaunti moja itumiwe na dawati zima la mauzo hata kama meneja anasema ni rahisi zaidi. Akaunti ya pamoja haiwezi kukuambia ni nani aliyebadilisha bei au aliyefuta mteja.

EspoCRM hupanga ruhusa kwa makundi na kwa majukumu, yaani Teams na Roles kwenye ukurasa wa msimamizi. Kwa kila aina ya rekodi unaamua kama mtu ataona zote, za kundi lake, zake mwenyewe au asione kabisa, na unaamua vivyo hivyo kuhusu kuhariri na kufuta. Kwa kampuni yetu ya pampu ningeanza hivi: muuzaji asome rekodi za kundi lake, ahariri zake mwenyewe, asifute chochote, msimamizi wa mauzo asome na kuhariri zote, mhasibu asome zote bila kuhariri. Mtu akipewa majukumu mawili, ruhusa huunganishwa na ile iliyo pana zaidi ndiyo inayoshinda, hivyo kumwongezea mtu jukumu la pili ili kumbana hakumbani hata kidogo. Angalia pia kwenye mipangilio kwamba ACL Strict Mode imewashwa, ili mtumiaji asiwe na haki ambayo hakuna jukumu lililompa.

Katika kila jukumu kuna ruhusa ya kuhamisha data kwenda nje, iitwayo Export Permission. Ifunge kwa kila mtu isipokuwa mmoja au wawili. Orodha nzima ya wateja ikiweza kupakuliwa kwa kubofya mara mbili, siku moja itapakuliwa na mtu anayeondoka.

Mtumiaji akiacha kazi, usiifute akaunti yake. Izime siku hiyo hiyo kwa kuondoa alama ya Active, kisha chuja rekodi zote zilizo chini ya jina lake na uzihamishie kwa mrithi wake kwa mkupuo. Historia ya simu na mikutano aliyoifanya itabaki pale pale, ikiwa na jina lake.

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa akaunti za wasimamizi kwanza. Kwa wauzaji nao ni vyema kuuwasha, kwa kuwa simu zao hubebwa kwenye matatu na kuachwa mezani kwa wateja.

Kusafisha nambari za simu kabla ya kuingiza wateja

Hii ndiyo kazi ninayoitilia mkazo kuliko zote, kwa kuwa hapa nchini mteja hutambulishwa kwa nambari yake ya simu kuliko kwa barua pepe au hata jina la kampuni. Katika faili la zamani nambari moja itaonekana kama 0712345678, kama 254712345678, kama +254 712 345 678, na kama 712345678 baada ya Excel kuila sifuri ya mwanzo. Kwa kompyuta hao ni wateja wanne. Baya zaidi, nambari yenye tarakimu kumi na mbili huonyeshwa na Excel kama 2.54712E+11, na ukihifadhi faili kuwa CSV likiwa katika hali hiyo, kinachoandikwa ni hicho hicho kinachoonekana: tarakimu sita za mwisho zimepotea na hazirudi.

Kwa hiyo fanya kazi kwenye nakala ya faili. Watenge kwanza wateja wa Uganda, Tanzania na kwingineko. Katika safu mpya weka fomula hii, ukichukulia kwamba nambari ya zamani iko A2:

="+254"&RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)

Fomula hii huondoa nafasi, huchukua tarakimu tisa za mwisho na kuzitanguliza na msimbo wa nchi. Hufaa kwa simu za mkononi zinazoanza na 07 na 01, na kwa laini za ofisi za 020 zenye tarakimu saba baada ya msimbo wa mji. Seli yenye nambari mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju haitatoka sawa, kwa hiyo zitafute kwa macho. Kisha panga safu hiyo kwa mfuatano, na nambari zinazojirudia zitajitokeza zenyewe zikiwa zimefuatana. Ziunganishe kwa mkono, ukimwuliza muuzaji husika jina lipi ndilo sahihi.

Ingiza rekodi ishirini tu kwanza. Chombo cha kuingiza data hukuruhusu kulinganisha safu za faili na sehemu za programu, na hukuruhusu kutengua uingizaji wote ukigundua kwamba umekosea, lakini kutengua rekodi ishirini hakuna madhara ilhali kutengua elfu tatu ambazo wauzaji wamekwisha kuanza kuzihariri ni fujo. Zile ishirini zikikubalika, endelea na zilizobaki.

Kwa wauzaji wanaofanya kazi kwa Kiswahili, tumia Label Manager kubadilisha majina ya menyu na hatua za mauzo. Hatua ziwe chache na ziwe zile wanazozitaja wenyewe, kwa mfano ameulizia, ametembelewa, amepewa bei, amelipa rubuni, amekamilisha. Hatua kumi hakuna atakayezijaza kwa uaminifu.

Barua pepe

Watoa huduma wengi wa mashine za kukodi hufunga mlango (port) wa 25 wa kutumia barua, hivyo tuma barua kupitia seva ya barua pepe ya kampuni kwa mlango wa 587. Weka kwenye kikoa rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, vinginevyo ankara zako zitaishia kwenye folda ya taka. Sanduku la pamoja kama la mauzo au huduma liunganishwe kama Group Email Account, ambalo linaweza kugeuza kila ujumbe wa malalamiko kuwa kesi na kuigawa kwa zamu kwa wahudumu.

Nakala za akiba

Nakala lazima iwe na vitu viwili: hifadhidata na folda ya programu, ambamo data/upload hubeba viambatisho na data/config-internal.php hubeba siri za mfumo. Anayehifadhi hifadhidata peke yake atarudisha wateja wasio na mikataba. Andika hati hii kwenye /usr/local/bin/nakala.sh, na uipe ruhusa ya kutekelezwa na root pekee:

#!/bin/bash
set -e
umask 077
T=$(date +%F)
mkdir -p /var/nakala
mariadb-dump --single-transaction mahusiano | gzip > /var/nakala/data-$T.sql.gz
tar -czf /var/nakala/faili-$T.tar.gz -C /var/www mahusiano
find /var/nakala -type f -mtime +14 -delete

Iite hati hiyo kutoka crontab ya root saa nane usiku. Usiandike amri ya date moja kwa moja ndani ya crontab, kwa sababu huko alama ya asilimia ina maana nyingine na amri itakatika katikati.

Nakala iliyobaki kwenye seva ile ile haikuokoi diski ikifa. Ipeleke kila usiku kwenye mashine ya mtoa huduma mwingine, ikiwa imefungwa kwa gpg, programu ya kusimba faili, na ufunguo wake uwe mikononi mwa watu wawili wa kampuni. Kisha, kila robo mwaka, irudishe kwenye mashine tupu: fungua hifadhidata, hesabu wateja na ulinganishe na idadi ya mfumo halisi, fungua kiambatisho cha wiki iliyopita, na uandike ilichukua muda gani. Muda huo ndio jibu la kumpa mkurugenzi anapouliza mauzo yatasimama kwa saa ngapi seva ikiungua.

Sheria

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihusu ofisi yoyote inayohifadhi majina na simu za watu. Kampuni yenye mapato ya mwaka chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiozidi tisa imeondolewa wajibu wa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, isipokuwa iwe katika shughuli zilizotajwa kama vile afya, elimu, huduma za fedha au usimamizi wa majengo. Lakini kutosajiliwa hakuiondolei wajibu wa kuilinda data. Taarifa zikivuja na kukawa na hatari halisi ya madhara kwa wahusika, Kamishna anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Adhabu anayotoza Kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa kufuata kiasi kilicho kidogo.

Kwenye mfumo, mambo mawili yanatosha kuanzia. Ongeza sehemu mbili kwa kila mteja, moja ikionyesha kama amekubali kutumiwa matangazo na nyingine tarehe aliyokubali, na usitume ujumbe wa mkupuo kwa yeyote asiye na alama hiyo. Pili, mteja akiomba kuona au kufutiwa taarifa zake, mtu mmoja mwenye jina linalojulikana ofisini awe ndiye anayemjibu.

Ukaguzi na usasishaji

Kila wiki angalia nafasi ya diski kwa df -h, kwa kuwa viambatisho hukua kimyakimya na hifadhidata isiyo na pa kuandika husimama ghafla. Soma pia kumbukumbu za makosa zilizo data/logs, na orodha ya majaribio ya kuingia iliyo kwenye ukurasa wa msimamizi. Majaribio mengi yaliyoshindwa kwa jina moja ni sababu ya kubadilisha nenosiri leo.

Kusasisha programu kufanyike asubuhi ya Jumamosi, kamwe si mwisho wa mwezi wakati wauzaji wanafunga hesabu. Chukua nakala kwanza, jaribu toleo jipya kwenye mashine ile uliyoitumia kurudishia nakala, kisha kwenye seva halisi:

cd /var/www/mahusiano
sudo -u www-data php command.php upgrade

Ikiwa kuna matoleo kadhaa katikati, amri huendelea hatua kwa hatua, na utairudia mpaka ikuambie hakuna jipya. Mabadiliko yoyote ya msimbo yawe ndani ya folda za custom, kwa sababu faili za msingi hubadilishwa kila usasishaji. Ukimaliza, ingia kwa akaunti ya muuzaji wa kawaida badala ya ile ya msimamizi, ufungue mteja mmoja, uandike simu moja, utume barua pepe moja, na uhakikishe kikumbusho kimefika.